Mama Adela na Nyaya Zilizoungua

Ifakara, Jumatano jioni, Mei 1996

Leo mvua imetupumzisha. Jua limewaka tangu asubuhi, barabara inafuka mvuke, na mikono yangu bado inanuka plastiki iliyoungua ingawa nimeisugua kwa majivu na sabuni.

Ngoja niandike kwa mpangilio, maana kichwa kimejaa.

Jumamosi pikapu ya kikundi cha akina mama wa Namawala iliwaka moto mimi nikiwa kwenye usukani. Tulitoka alfajiri kwenye ukungu, taa zinawaka. Nyuma walikaa akina mama wanne juu ya magunia ya mpunga. Mbele, kando yangu, alikaa Zuhura, mke wa mtoto wa mwenyekiti wetu, anakuja mjini kwa shangazi yake kusubiri kujifungua. Kwanza taa zilififia, kisha moshi ukatoka chini ya dashibodi, na moto ukafuata. Zuhura aliruka kabla sijasimama sawasawa, akateguka kifundo cha mguu. Wale akina mama hawakupiga kelele. Walishuka, wakachota tope la majaruba kwa khanga zao, wakalirushia moto mpaka ukafa. Mfugaji mmoja wa Kisukuma aliyekuwa akipita na maksai wake akafunga kamba, akatuvuta hadi penye barabara ngumu.

Hospitali walisema mtoto tumboni yuko salama. Niliposikia nilikaa chini pale pale kwenye korido.

Tangu Jumatatu nashinda kwa Mama Adela, fundi umeme wa magari, mwanamke pekee ninayemjua katika kazi hiyo bonde zima. Aliajiriwa Mlimba kufagia karakana ya reli. Mafundi wakawa wanampa tochi awamulikie, naye akawa anaangalia kile anachokimulika. Basi. Huo ndio uliokuwa ufundi wake wa mwanzo.

Nimewaona mafundi wengi, lakini kama huyu bado. Dashibodi yetu ilikuwa donge jeusi, nyaya zimeyeyuka zikashikana kama mlenda uliokauka. Mwingine angeng'oa vyote akatupa. Yeye aliketi kwenye kigoda mlangoni mwa gari, akazichambua moja moja, kila moja akaifunga kitambaa cha rangi yake: hii ya taa, hii ya honi, hii ya kuwashia. Mchoro hana. Aliuchora mwenyewe kwa chaki ubavuni mwa gari, kutoka betri hadi taa ya nyuma. Akikosea anafuta kwa kiganja na kucheka kidogo, halafu anaanza upya.

Na mimi nilikuwa nikimtazama, nikijua atakachokikuta.

Leo saa nne alikikuta. Alitoka chini ya dashibodi na kipande cha waya mnene wa shaba, akanionyesha kwenye kiganja.

"Hiki kilikaa mahali pa fyuzi," alisema. "Nani alikiweka?"

Ningeweza kusema sijui. Gari limepita mikono mingi. Ulimi ulikuwa tayari.

"Mimi, mama. Fyuzi zilikuwa zinakatika kila siku. Nilipokuwa Kiberege nilikosa nyingine, nikaweka hiyo."

Hakunitukana. Alinivuta mkono akanionyesha nyuma ya chuma cha dashibodi, mahali ambapo waya wa taa ulichubuka kwa kusuguana na bodi ya gari.

"Hapa ndipo palipokuwa panakata fyuzi zako. Zilikuwa zinakulinda, wewe ukazinyamazisha. Wenye gari wanayo habari hii?"

"Bado."

"Wanakuja mchana. Wakiniuliza, nitasema nilichokuta. Mimi siwezi kudanganya juu ya umeme. Afadhali wakisikie kwako kwanza."

Walikuja saa nane, Mama Kulwa mwenyekiti na wenzake wawili, kwa baiskeli. Niliwaamkia, wakaitikia marahaba. Kabla hawajakaa nikasema yote. Nilisema nikitazama viatu vyangu, kisha nikajilazimisha kumtazama Mama Kulwa, kwa kuwa ni mkwe wake niliyempakia kando ya moto.

Aliegemeza baiskeli yake kwenye gari.

"Ulijua gari linaweza kuungua?"

"Nilijua ni vibaya. Sikujua ni vibaya kiasi hiki."

"Lete ufunguo."

Nikampa. Mkono ulibaki hewani kama vile haujui pa kwenda.

"Gari likitoka hapa ataendesha Lukasi," alisema. "Wewe utapanda nyuma na sisi, juu ya magunia, mpaka mavuno yaishe. Uone barabara kutoka huko. Halafu tutaongea."

Nilitarajia kufukuzwa. Nilitamani hata anipige.

Mama Adela akajifuta mikono. "Na hadi nimalize, huyu simwachii. Kila waya ninaofunga, ataufungua na kuufunga tena mbele yangu."

Ndivyo tulivyofanya mchana wote uliobaki. Nilifunga vibaya mara sita. Mara sita akasema "rudia", kwa sauti ile ile, bila kuchoka. Saa kumi na moja akaniambia niwashe. Taa ya kushoto ikawaka, ya kulia ikawaka, na wale akina mama, waliokuwa bado wamekaa kwenye kivuli cha banda, wakapiga vigelegele. Hawakunipigia mimi. Walimpigia Mama Adela, na mimi nikapiga makofi pamoja nao hadi viganja vikauma.

Sijui kama nitawahi kuwa fundi wa namna yake. Lakini nimeona jinsi mtu anavyoweza kusema ukweli wote bila kumvunja mwenzake, na hilo nalitaka.

Limebaki moja. Zuhura yuko kwa shangazi yake, mguu umefungwa bandeji, na hajui. Anadhani tulipata ajali tu. Kesho, kabla ya karakana, nitapita pale.

Nimejaribu maneno ya kuanzia hapa daftarini, nimeyakata mara nne. Yamekuwa marefu, yote yananitetea.

Nitaanza hivi: Zuhura, ni mimi.