Ukurasa wa Kumi na Tatu

Detroit
9 Februari 1986

Kwako Kaka Thurman,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima na magoti yako bado yanakubeba. Mimi sijambo. Theluji imefika kwenye madirisha, na maduka yangu matatu ya kufulia nguo yanafanya kazi.

Najua imepita miaka kumi na mmoja tangu nikuandikie, na barua ile ya mwisho haikuwa ya kusomea mezani. Leo sirudi huko. Nina kazi nataka uifanye, na sikupigii simu ya jirani kwa sababu nataka kila kitu kiwe kwenye karatasi.

Nimepata wakili, Bwana Prewitt. Nimemweleza habari za zile ekari thelathini na nane za Baba: jinsi Binamu Rufus alivyomuuzia Mizell wa mbao fungu lake, Mizell akaenda mahakamani kudai shamba ligawanywe, na mahakama ikaliuza lote kwa mnada pale kwenye ngazi zao mwaka 1951, sisi tukiwa nyumbani tunachuma pamba tusijue neno. Na aliyenunua ni Mizell huyo huyo. Prewitt anasema sheria ya wakati ule ilitaka mdaiwa apewe hati ya wito mkononi, au aachiwe mtu wa nyumba yake aliyezidi miaka kumi na sita. Kama haikufanyika hivyo, hukumu ni batili, hata ikiwa na miaka thelathini na mitano. Shamba litarudi. Makaburi ya Baba na Mama yatatoka nyuma ya lango la watu.

Kwa hiyo nenda masjala ya mahakama ya kaunti. Usiulize shauri letu. Omba daftari la fahirisi la wadaiwa, 1951, herufi T, utafute Tolliver. Pembeni kuna namba. Namba hiyo ndiyo utakayompa karani, naye akuletee faili. Ni kumbukumbu za umma, hana haki ya kukuuliza unazitakia nini. Nakala ni senti hamsini kwa ukurasa. Nimeweka dola ishirini ndani ya bahasha hii. Ninachotaka hasa ni karatasi ya sherifu inayosema wito uliachwa wapi na kwa nani.

Na kama jina lililoandikwa pale ni lako, Thurman, heri uniambie wewe kabla sijalisoma.

Mdogo wako,
Ardelia

*

Kaunti ya Pardue, Mississippi
3 Machi 1986

Kwako mdogo wangu Delia,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Nimefurahi kuuona mwandiko wako, hata kama maneno yenyewe yana miiba. Mimi nipo. Goti la kushoto limestaafu, la kulia bado linaripoti kazini. Mbaazi za mwaka jana zimebaki debe moja. Ungekuwa karibu ungekula na mkate wa mahindi.

Nilikwenda Jumanne. Nilivaa koti la kanisani. Pale dirishani yuko binti mmoja wa kizungu, Bi Loyce, mjukuu wa yule aliyekuwa na duka la mbegu. Akaniuliza, "Nikusaidie nini, Mzee?"

"Nataka kesi."

"Ya nani?"

"Ya kwetu."

"Kwenu ni wapi?"

Nikamwambia, "Mama, hilo ndilo walilokuwa wanalibishania."

Akacheka. Nikaona huyu si mbaya. Nikakumbuka ulivyoniagiza, nikataka daftari la fahirisi. Akanionyesha ukutani: "Yako pale, yashushe mwenyewe." Delia, daftari moja lina uzito wa mbuzi. Nililishusha kwa mikono miwili, na mzungu mmoja wakili aliyekuwa pembeni akaninong'oneza, "Likikudondokea mguuni hilo, babu, utafungua kesi yako mwenyewe." Herufi T ina kurasa tisa. Sisi tumo ukurasa wa sita. Mizell dhidi ya Warithi wa Tolliver. Namba 2217.

Bi Loyce akasema faili za namba hizo zimehifadhiwa kwenye jela ya zamani, kwa sababu ghorofa ya chini inaingia maji. Ufunguo anao mtu wa matengenezo, na mtu wa matengenezo anakuja Alhamisi, akijaliwa. Alhamisi nilikwenda. Hakujaliwa.

Kuhusu neno lako la mwisho: mwaka 1951 nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na sikujua kusoma hata jina langu; nilijifunza ukubwani. Ningepewa karatasi ya sherifu ningeileta kwako uisome, kama nilivyoleta kila karatasi. Nimekwambia hivyo tangu zamani. Nakwambia tena, kwa maandishi, kama unavyopenda.

Kaka yako,
Thurman

*

Detroit
11 Machi 1986

Kaka Thurman,

Salamu. Barua imefika. Nashukuru kwa namba.

Rudi kila Alhamisi mpaka mtu huyo ajaliwe. Faili likipatikana, usichague. Toa nakala ya kila ukurasa, na mgongo wake kama umeandikwa. Unitumie na risiti.

Habari ya kutojua kusoma naikumbuka. Naikumbuka pia nyingine: shamba liliuzwa Novemba, na Januari ulikuwa unalipwa mshahara kwenye kiwanda cha mbao cha Mizell. Mimi hujumlisha tu, Kaka. Jumla yenyewe siipangi.

Ardelia

*

Kaunti ya Pardue
14 Aprili 1986

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi mzima.

Faili lilipatikana wiki iliyopita. Nakala hizi hapa. Karatasi ya sherifu unayoitaka haimo. Huenda iliharibika na maji. Ulisema nitume risiti, nayo nimeiweka.

Nimekaa na jambo hili siku kadhaa. Mizell alishakufa, shamba wanalo watoto wake, wamepanda misonobari mpaka ukingoni mwa barabara. Wewe una maduka matatu. Umetoka hapa na sanduku moja ukajijenga mwenyewe. Nakuomba, Delia, nakuomba kama mkubwa wako: liache.

Thurman

*

Detroit
21 Aprili 1986

Thurman,

Risiti yako inasema dola sita na senti hamsini. Senti hamsini kwa ukurasa ni kurasa kumi na tatu. Ulizonitumia ni kumi na mbili. Nimezihesabu mara tatu, kisha nikampa msichana wangu wa mahesabu azihesabu, nisije nikasema ni hasira.

Ukurasa wa kumi na tatu umeushika wewe.

Kwa hiyo sasa najua. Mtu wa sherifu alikuja, mwanamume wa nyumba akapokea, akanyamaza, na miezi miwili baada ya mnada akapewa kazi. Mama alikufa akisema, "Mwanangu hawezi kutusaliti." Tulimzika kando ya Baba kwa kuombewa ruhusa, kama mgeni, na aliyekwenda kuomba ulikuwa wewe, kofia mkononi. Nilidhani ni unyenyekevu. Kumbe ulikuwa unamwomba bosi wako.

Nimemwandikia Bi Loyce mwenyewe, na namba ya shauri, na hundi, na bahasha yenye stempu. Usijisumbue kujibu.

A. Tolliver

*

Detroit
30 Mei 1986

Kwako Kaka yangu Thurman,

Nakusalimu sana, sana. Natumaini goti la kulia bado linaripoti. Nimeianza barua hii mara nne.

Ukurasa ulifika tarehe sita. Nimekaa nao siku ishirini na nne. Unasema hivi: tarehe nne Oktoba 1951 naibu wa sherifu ameacha nakala halisi ya wito huu kwa Ardelia Tolliver, binti wa nyumba, mwenye umri unaozidi miaka kumi na sita, ambaye ameweka sahihi yake hapa chini. Na hapo chini ni mimi. A yenye mkia, ile ya shuleni.

Nilikuwa nimemsahau mtu yule. Alikuja na gari la rangi ya majivu, nyinyi nyote mko shambani mnachuma pamba, mimi nimebaki na tumbo linaniuma. Akaniuliza, "Unajua kuandika jina lako, msichana?" Kaka, nilifurahi. Hakuna mzungu aliyewahi kuniuliza ninachojua. Nikaandika polepole, kwa madaha. Akasema, "Mwandiko mzuri huo," akaondoka. Miaka hakuniuliza.

Na karatasi nayo naikumbuka. Si unakumbuka tulivyokuwa tukiziba kuta kwa magazeti na uji wa unga kila vuli? Karatasi ile ilikuwa nene kuliko gazeti, nikaona itazuia upepo. Niliibandika pale kwenye kona ya kitanda chako. Nilikuwa naisoma kwa sauti nikifagia, kwa ajili ya mazoezi: MNAAMRIWA KUFIKA. Nililipenda neno lile. Sikuuliza ni nani anayeamriwa.

Uliuficha ukurasa kwa ajili yangu, nami nikakuandikia niliyokuandikia.

Lakini sikiliza, kuna mlango bado. Nilikuwa na miaka kumi na minne, si kumi na saba. Wito ukiachiwa mtoto, haujapelekwa. Prewitt karibu aruke kitini. Kisha akaomba cheti changu cha kuzaliwa.

Unakijua kile cheti. Nilikitoa pale pale Pardue mwaka 1954, nikija huku. Kiwandani walitaka miaka kumi na minane, nami nilikuwa na kumi na saba. Nilivyo mimi, sikuongeza mmoja, niliongeza mitatu, ya akiba. Kimeandikwa 1934, na nimekula kiapo juu yake. Kwa cheti hicho siku ile nilikuwa na miaka kumi na saba barabara.

Prewitt anasema neno lako au langu leo halitoshi, tunanufaika wote. Anataka maandishi ya zamani, yaliyoandikwa wakati wenyewe. Biblia ya Mama, Kaka. Ule ukurasa wa vizazi. Mwalimu wa shule ya Jumapili aliandika kila mtoto alipozaliwa. Unayo? Nadhani kile cheti nilikipata kwa kiapo cha Mama tu, Biblia hatukuigusa. Niambie unayo. Nitakuja mwenyewe kuichukua.

Mdogo wako,
Delia

*

Kaunti ya Pardue
19 Juni 1986

Kwako mdogo wangu Delia,

Amani ya Bwana iwe nawe. Mimi mzima, ila joto limeanza mapema na mahindi yamejikunja.

Biblia ninayo. Iko kabatini, imefungwa na kitambaa cha Mama cha kichwani. Nilipopata barua yako niliifungua, ingawa nilijua nitakachokuta. Mwaka ule karani hakukubali kiapo peke yake, alitaka aone Biblia. Mama alikuwa nje anafua. Uliikwangua ile saba ya 1937 kwa wembe, ukaandika nne juu yake kwa wino. Mimi nilikuwa mlangoni. Ukaniambia, "Kaka, ni namba moja tu." Karatasi pale ni nyembamba mpaka ukiinua unaona dirisha. Ile nne ina mkia, Delia. Hata mtoto ataijua ni ya nani.

Nilimpelekea Bi Loyce aitazame, labda macho yangu ni ya uzee. Aliitazama muda mrefu. Akasema, "Mzee, sikushauri uwaonyeshe hii." Akanifungia mwenyewe kile kitambaa.

Hukuuliza kwa nini sikukwambia, lakini nitakwambia. Bi Loyce ndiye aliyenisomea ukurasa ule kwanza, kwa sababu nilikuwa nimesahau miwani. Aliposema jina lako nilimwomba arudie. Nikafikiri hivi: huu mzigo wa lawama nimeubeba miaka thelathini na mitano, begani pameshaota sugu. Wewe ungeuanza leo, una miaka arobaini na tisa, au hamsini na miwili, vyovyote wanavyotaka wenyewe. Tena ni mimi niliyelala chini ya karatasi ile mpaka nyumba ilipovunjwa, nikiitazama kila asubuhi. Na kazi ya Mizell ni kweli niliichukua. Mama alikuwa anataka kula.

Kosa langu ni risiti. Nilisahau kwamba unajua kuhesabu.

Njoo, hata hivyo. Usije kwa ajili ya Biblia. Tutasimama pale langoni. Zamani ulikuwa unauona mwerezi ulio kwenye kaburi la Mama kutoka barabarani. Sasa misonobari imeuziba, lakini najua uko usawa gani, nitakuonyesha kwa kidole. Faili lilikuwa bado limewekwa kwa jina langu pale masjala, nimelirudisha. Kuna daftari la kutia sahihi unaporudisha, na Bi Loyce akaniuliza kama niandike kwamba tutalihitaji tena. Nikamwambia hapana.

Nimeandika jina langu vizuri. Ungeliona.

Kaka yako,
Thurman