Ulizo ya Tatu

Lubumbashi, Hewa Bora, tarehe 3 Juni 2024

Yaya Delphine, dada yangu mukubwa,

Jambo sana kutoka hapa kwangu. Mugongo ungali unakuuma? Mutoto wako Léa iko muzima. Analala vizuri, anakula vizuri, kila asubuhi tunaenda na yeye kwa miguu ku institut, yeye kusoma, miye kufundisha.

Ninakuandikia juu simu yako pale sokoni Kasenga inasikiwa na masikio makumi. Yaya, miaka kumi na moja ninafundisha Kiingereza ya mwanzo, na ile kozi ya namna bantu banaishi ndani ya kazi, comportement organisationnel. Banafunzi 212, masaa 18 kwa juma. Lakini kwa karatasi, mwenye kozi ni directeur, hata hajaingia darasani siku moja. Aliniahidi mwaka huu ataniandikisha miye. Sasa nasikia ataandikisha Précieux, mutoto wa dada yake. Huyo hafikishi kumi kwa Kiingereza bila kuangalia vidole!

Miye nilipakia malori Kasomeno miaka mine ili nisome. Hakuna mutu alinisukuma.

Mudogo wako,
Mukuka

Kasenga, 16 Juni

Mudogo wangu,

Barua yako ilifika, asante. Mugongo ni ule ule, tunazeeka nao. Na wewe, unalala?

Kasirika, lakini funga kinywa. Léa amebakiza mwaka moja tu. Usimuharibie.

Yaya wako

Lubumbashi, 9 Julai

Yaya,

Salamu. Tuko bazima, lakini moyo hapana.

Kwa examen, ulizo ya tatu, niliandika: chef moja wa kazi anapa mutoto wa ndugu yake kazi, anaacha mwenye kuifanya miaka kumi na moja. Eleza matokeo. Sikutaja jina. Kati ya 212, banafunzi 187 banalitaja benyewe. Moja aliweka mupaka namba ya gari.

Na wewe unajua sheria yetu: ukimaliza kusahihisha, karatasi zote zinaenda kwa bureau ya directeur. Nilizifunga na kamba, nikazipeleka. Nilikuwa nahesabu pointi, sikuhesabu macho.

Akaniita. "Mukuka, uliniweka mu examen?"

"Hapana, chef, ni mufano tu."

"Mufano iko na gari yangu?"

Tarehe 22 nitapita mbele ya conseil, baraza ya institut. Anataka banafunzi baseme niliwaandikisha majibu. Bila mashahidi, hawawezi kunitosha kazini. Na nani atasema uongo ule? Banafunzi bananipenda.

Mudogo wako

Kasenga, 27 Julai

Mudogo wangu,

Sikuulizi habari, najua ni mubaya.

Nilisikia mashahidi balikuwa batatu. Wa tatu ni Léa. Alinipigia simu akilia: banamuambia asaini, ao arudie mwaka. Miye mwenyewe njo nilimuambia, saini. Wewe uko na kichwa, uko na mikono, utapata fasi ingine. Yeye iko na mwaka moja tu. Nitukane miye. Mutoto usimuguse.

Yaya wako

Lubumbashi, 18 Novemba

Kwa Delphine,

Niko muzima. Natumaini na wewe vile vile.

Nilijua siku ile ile ya conseil. Balisoma majina matatu kwa sauti, na Léa alikuwa amekaa mbele yangu, anaangalia viatu vyake. Tukarudi nyumbani pamoja. Kutoka pale hatukulitaja.

Sasa nafundisha Kiingereza madereva batano wa malori, masaa mane kwa juma. Kozi zangu mbili ziko kwa Précieux.

Jana Léa alikuja kwangu, miye mjomba wake, na syllabus mupya, kitabu ya kozi ile ya kazi, sehemu ya mwaka wa mwisho. "Yama, nisaidie. Précieux anasoma tu, haelezi kitu." Nikafungua. Kurasa 146. Ni yangu yote, hata kosa la ukurasa wa 31 liko pale pale. Jina la mwandishi tu njo jipya.

Nilimuelezea mupaka akaelewa, juu kozi haikunikosea kitu. Akalia. Sikumuuliza analilia nini.

Atamaliza mwezi wa saba. Chakula na kitanda atapata mupaka siku ile. Halafu uje umuchukue wewe mwenyewe, usitume mutu. Kabla ya pale, usiniandikie.

Mukuka