Protini Yangu na Kichwa cha Kiprono

Jumamosi jioni, Nakuru. Mvua imenyesha tangu saa nane.

Leo nimempiga mtu.

Kwa miezi kumi na minne nimefuga vijidudu niliowachota kwenye tope linalochemka karibu na Olkaria, tope kali la asidi linalokula soli za viatu. Ndani yao mna protini iliyobeba chuma na salfa, kahawia kama chai ya rangi. Moto hauiui, asidi haiiui. Lakini ikishatolewa ndani ya kijidudu, hewa hii tunayovuta inaimaliza. Ndiyo maana chupa yangu ya mwisho, iliyobeba shahada yangu yote, niliifunga kwa gesi isiyo na oksijeni.

Kiprono, fundi wetu wa maabara, aliifungua ainuse.

Kwao Londiani kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, hunuswa kwanza kabla mgeni hajamiminiwa. "Madam, nilikuwa nacheki tu kama imeharibika," aliniambia, kizibo mkononi, anatabasamu. Alidhani ananisaidia. Kwa dakika chache nilitazama ile kahawia ikififia hadi yakabaki maji matupu.

Nikashika stendi ya chuma nikamtandika nayo kichwani. Damu ikaruka hadi ukutani. Pigo la kwanza lilikuwa hasira. La pili nililenga. Alikuwa ameshapiga magoti, ameinua mikono kujikinga, nami nikampiga vidole. Nilisikia kimoja kikivunjika na, Mungu anisamehe, nilisikia raha.

"Madam, inatosha," akasema. Hapo ndipo nilipozinduka.

Nilimpeleka hospitali mwenyewe. Akashonwa nyuzi tisa. Daktari alipomuuliza, alijibu kwamba aliteleza maabara. Hakunitazama. Nami nilinyamaza, nikiwaza polisi, kufukuzwa chuo, na mama yangu atasema nini. Protini nilikuwa nimeisahau kabisa.

Saa kumi na moja mke wake akanipigia simu.

"Dada, asante sana kwa kumkimbiza hosi. Bila wewe sijui ingekuwa aje. Mungu akubariki."

Nikasema amina.

Asubuhi, kabla hawajatoka kwenda kanisani, nitabisha mlango wao nimwambie mke wa Kiprono ni nani aliyempasua mumewe. Nimeyaandika haya hadharani, kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni, ili nisipate pa kurudi nyuma.