Shanga Ambazo Mama Hakuzivaa

Jumatatu, 9 Juni
Tenga mbili za nyanya zimeuzika. Hapa Ilula baridi kali, vidole vimekufa ganzi. Kaka Festo kapiga simu toka Mbeya. Jumamosi tunaweka msalaba kaburini kwa mama, anataka picha ya kubandika. Hatuna. Mama ukitaka kumpiga picha, alikuwa anasema, "Ngoja nioge kwanza." Kitambulisho chake sura imefutika. Kaka anasema kuna duka la steshenari watatengeneza kwa AI, nieleze tu alivyokuwa. Nimeeleza: mnene kiasi, sweta la bluu, kitambaa cha kwaya, pengo juu kushoto. Nimelia mbele ya wateja.

Jumatano, 11 Juni
Picha imekuja. Si mama. Bibi mkavu, shanga shingoni mpaka mabegani, pekupeku, nyuma kibanda cha nyasi na jua linazama. Mama kajenga nyumba ya tofali za kuchoma na bati, kwa hizi hizi nyanya. Na pekupeku yeye, hata chooni haendi bila kandambili. Kaka anasema mashine iliambiwa ni mama wa kijijini Tanzania. Basi ikajua yenyewe tunavyofanana. Nina hasira, nimemwambia kaka warekebishe.

Alhamisi, 12 Juni
Wamerekebisha. Sweta limekuja, shanga ziko juu ya sweta. Kibanda kipo. Meno yote yamo. Nimemwambia kaka bora msalaba mtupu. Kasema, "Mdogo wangu, watu watakuja, tutawaonyesha nini?" Nimekata simu.

Jumamosi, 14 Juni
Picha imewekwa msalabani. Kaka kaileta na fremu ya kioo. Mchungaji kaomba. Wanakwaya wenzake mama waliitazama, wakainamisha macho. Mama mdogo kaniuliza taratibu, huyu nani. Tumemzika mama mara ya pili, na safari hii tumemfukia na mgeni juu yake. Wageni wameipiga picha, wameiweka status. Wameandika, "Pumzika mama yetu."

Jumapili, 29 Juni
Ukungu mpaka saa nne. Sikwenda ibadani. Nimetoa sweta la mama sandukuni, nikafumba macho nimwone. Kaja yule wa shanga. Nimemfukuza, karudi. Nikaanza upya, polepole: sweta, kitambaa, pengo. Pengo juu kushoto. Kushoto kwake, au kushoto kwangu nikimtazama?

Sweta nimelikunja, nimelirudisha bila kulifua, harufu yake ibaki.