Mashine Isiyokubali Uji

Jumanne, Jang'ombe

Mashine yenyewe ya mauzo, aliyoniletea muuzaji leo niijaribu, ni nzuri, sikatai. Oda inafika jikoni kabla mhudumu hajaondoka mezani. Lakini haipokei chakula kisicho na bei, na Ramadhani hapa mkahawani kwangu kila anayeingia magharibi hupewa kwanza bakuli la uji bure, tangu mama yu hai.

"Weka shilingi moja tu, Bi Zuhura, itakubali," akanambia muuzaji.

Nikamwambia achukue mashine yake aende zake.

Naogopa, kwa kweli. Mwezi umekaribia, sina mashine nyengine, na mwaka jana tulichanganya oda mpaka wageni wakaondoka na njaa.

Basi tutachanganya tena. Lakini hakuna atakayefuturu kwangu akapewa risiti ya uji.