Baba Hajakununia

Nyumbani, nyuma ya soko,
14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Habari za huko? Wifi ameshapata nguvu baada ya kujifungua? Na huyo mgeni wetu, anawaacha mlale au mnakesha kwa zamu? Sisi huku ni wazima kwa kiasi, na hicho kiasi ndicho kilichonifanya nichukue kalamu. Kwenye simu ningelia, mama angesikia, ingekuwa balaa.

Ujumbe wako niliusoma jikoni: "Baba akishamaliza kununa mniambie." Chai ilifurika mpaka ikazima jiko, nami nimesimama tu. Umekosea, kaka, ila si kosa lako. Tulikwambia baba anaumwa kidogo. Mama alisema usishtuliwe wakati wifi yuko leba. Siku zikapita, ukweli ukazidi kuwa mzito mdomoni.

Baba alipata kiharusi. Ilikuwa asubuhi, kwenye ukumbi wa mnada. Alikuwa juu ya kijukwaa chake akinadi kabati la milango mitatu, akiwaapia watu kwamba limetunza siri za ndoa tatu bila kuvuja hata moja. Wakacheka. Ghafla maneno yakaanza kumtoka yamevurugika. Wakazidi kucheka, wakidhani ni vituko vyake, mpaka nyundo ilipomponyoka na mdomo ukaenda upande. Walimlaza kwenye kochi lililokuwa linasubiri mnunuzi, wakampepea, wakasema ni joto. Akaletwa nyumbani apumzike. Jioni mama akaona kikombe hakishikiki kwa mkono wa kulia, ndipo tukamkimbiza hospitali.

Daktari, mama mmoja mpole, alituchorea ubongo kwenye mgongo wa bahasha. Bonge la damu lilikuwa limeziba mshipa upande wa kushoto. Upande huo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndiko maneno yanakotengenezwa. Sehemu ikikosa damu huanza kufa. Nikamuuliza, je, kama tungemleta mapema? "Dawa ya kuyeyusha bonge ipo," akasema, "lakini inataka saa zile za mwanzo mwanzo." Hakutulaumu. Afadhali angetulaumu.

Mguu umerudi kiasi, anajikongoja na fimbo. Mkono bado. Kinachotuumiza ni maneno. Anaelewa karibu yote, mradi tusiongee haraka wala wote kwa pamoja. Anajua anachotaka kusema, ila njia ya kukitoa ndiyo imekatika. Anataka chumvi, anasema "dirisha", anajisikia mwenyewe, anapiga meza kwa uchungu. Lakini yale aliyoyasema maisha yake yote bila kufikiri yanatoka: kuhesabu, sala, na mnada. Mtaalamu wa usemi anayekuja kumfanyisha mazoezi anasema hayo hupita njia nyingine kichwani.

Juzi nilimpa picha ya mwanao. Akaitazama weee, akataka kulitaja jina lako, mishipa ya shingo ikamsimama. Kilichotoka ni, "Nani zaidi? Nani zaidi?" Mama alicheka hadi akakaa chini. Mimi hoi. Baba mwenyewe akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, halafu akalia. Daktari alishatuonya kwamba machozi ya karibu nayo ni sehemu ya ugonjwa. Mimi sikuona ugonjwa pale.

Sasa, ile siku ulipopiga. Nilimwekea simu sikioni. Ukasema, "Shikamoo baba," ukangoja. Alikuwa anakujibu, kaka! Midomo ilikuwa inacheza. Marahaba siku nyingine humtoka yenyewe, lakini siku ile iligoma kwa sababu aliitaka mno. Ukasema, "Basi baba, kama bado hutaki kuongea na mimi, sawa," ukakata. Akaing'ang'ania simu sikioni. Nilipotaka kuichukua akanisukuma mkono.

Najua mliachana vibaya ulipokataa kuurithi mnada. Jana nikamuuliza waziwazi. Tuna utaratibu wetu: akigonga mara moja ni ndiyo, mbili ni hapana.

"Baba, una hasira na kaka?"

Mbili, tena upesi.

"Una jambo la kumwambia?"

Moja.

Nikaanza kubahatisha. Ni nyumba? Ni mtoto? Ni mnada? Unataka arudi? Mbili, mbili, mbili tu. Nilichoka kabla yake. Mtaalamu anasema maneno mengine yatarudi kwa mazoezi na mengine hapana, na hakuna ajuaye ni yapi. Inaniuma, kaka. Mtu aliyekuwa na maneno mengi vile, akayamalizia kwenye makabati ya watu.

Kwa hiyo piga. Jumapili mchana, anapokuwa hajachoka. Piga ile ya video akuone uso. Sema polepole, jambo moja moja, kisha nyamaza umpe nafasi, hata kimya kikikutisha. Wala usimmalizie sentensi. Mama hummalizia, wanagombana kama wachumba.

Mama anakusalimu na anakuomba radhi kwa kukuficha. Shangazi anasalimu, anauliza mtoto kafanana na nani, na jibu analolitaka unalijua. Mchukuzi wa pale mnadani naye hajambo; kila jioni hupita kumnyoa baba ndevu. Mpakate mwanao kwa niaba yetu. Mungu aishike nyumba yenu mkononi mwake, na atujalie kuonana baba akiwa bado anatutambua na sisi tukimtambua.

Wako akupendaye,
Mdogo wako.

Huo mstari uliopinda hapa chini ni wa baba. Nimemsomea barua yote, akaninyang'anya kalamu kwa mkono wa kushoto, akauchora taratibu, jasho likimtoka. Nimeugeuza kila upande, siwezi kuusoma. Nimeuacha ulivyo, maana ni wako.