Kusoma kwa Sauti Nne

Alhamisi, mtaa wa Juba na Bari, mjini Juba. Mvua imenyesha tangu alasiri, na sasa imebaki ile ya kudondoka tu juu ya bati, tone moja, halafu lingine, kama mtu anayefikiria.

Shajara, kichwa changu leo kina ukungu. Sijalala, lakini si kwa ubaya.

Wanaonijua wanajua mimi si mtu wa kuogopa. Nikiwa kijana nilimkemea kiboko pale mtoni, nikamwambia rudi, akarudi, tena akageuka kuniangalia kwa aibu. Shule niliiacha darasa la tano kwa sababu mwalimu alikuwa ameishiwa ya kunifundisha. Haya yote yanajulikana.

Ila usiku wa siku hizi ni mkubwa kuliko mtu.

Tangu risasi zile zilipolia mjini, mtaa wote umehamia Uganda. Mke wangu Keji alipanda lori na watoto, wakapita Nesitu, wakafika Nimule mpakani, wakavuka. Mimi nikabaki, maana kila nyumba imeacha mwanamume mmoja. Ndivyo tunavyofanya hapa. Nyumba isiyo na sauti usiku, asubuhi ina mwenyewe mwingine. Wanaanza na mlango, wanamaliza na mabati, halafu mtu anaingia na godoro lake anakuambia hapa ni kwake. Na nyumba hii niliijenga kwa mikono hii, tuliporudi kutoka ukimbizini. Keji ndiye aliyekuwa ananipitishia misumari.

Kwa hiyo nasoma.

Jenereta ya mwisho ikinyamaza, nafunga mlango, nafungua simu niliyochajisha kwenye kibanda cha chaji mtaa wa Hai Jalaba, nasoma hadithi za kutisha kwa sauti kubwa. Nilianza na Zaburi, lakini zilinipa usingizi mtamu, na mlinzi hatakiwi kulala. Za kutisha zina watu wengi, tena wanapiga kelele. Mzee namsoma kwa sauti yangu. Mtoto, nabana pua. Jini namsomea ndani ya sufuria. Mwanamke yeyote namsoma kwa sauti ya Keji. Anayepita nje anasikia nyumba imejaa.

Wa kwanza kutishika ni mimi. Sufuria ile ikiitika, nywele zinasimama. Wiki hii, nakuambia wewe tu, nilikuwa nimeshafunga begi niwafuate kina Keji.

Jana nilikuwa kwenye ile ya bibi anayetoka mtoni usiku akigonga milango, anaomba moto. Nikafika anapogonga. Nikagonga meza, kama kawaida yangu.

Na mabati ya ua yakagongwa.

Nikafunika simu kwa kiganja. Mvua. Vyura.

"Ya khal," sauti ikaniita mjomba kutoka nje, sauti ya kijana mwenye mafua. "Mbona umenyamaza?"

"Nani?"

"Ni sisi tu, tuko wawili. Mimi iko hapa nanyeshewa kwa ajili yako. Huyo bibi alifunguliwa ama hakufunguliwa?"

Mtu gani mwema anasimama nje ya ua wa watu saa hiyo? Nikajikaza, nikaendelea, sauti ikatoka kama ya mbuzi.

"Aa, ya khal, unaharibu!" akasema wa pili, sauti nzito. "Mwache mama asome. Hiyo ya bibi, yeye ndiye anaiweza."

Mama.

Kumbe haikuwa mara yao ya kwanza kusimama hapo. Na walikuwa wanamjua.

Nikasafisha koo, nikaita: "Keji! Amka, kuna wageni wanakutaka." Nikajijibu kwa ile sauti yake ya kuvuta maneno akichoka: "Wageni gani wa saa hii, wewe mwanamume? Waambie wakae wasikilize. Lakini mtu asiguse mabati yangu."

"Hatugusi, mama," wakajibu wote wawili, kama watoto waliokemewa jikoni.

Halafu Keji akasoma. Sisemi nilisoma mimi. Mimi nilikaa kitandani nikimsikiliza, mwanga wa simu ukitembea ukutani kama maji, na nikasikia harufu ya kudra yake, ile mboga ya majani anayoiunguza chini kidogo halafu anakataa kwamba imeungua. Nyuma ya pazia watoto walikuwa wanapumua. Naapa walikuwa wanapumua. Bibi wa mtoni akafunguliwa mlango, akapewa kaa la moto kwenye kigae, akaenda zake akishukuru. Sidhani ilikuwa imeandikwa hivyo. Keji ameibadilisha. Yeye hawezi kumwacha mtu mvuani.

Nje mtu akashusha pumzi. Nyayo zikaenda zikiteleza kwenye tope, taratibu, kuelekea mtoni.

Asubuhi nilizunguka ua. Bati lote lipo. Hakuna msumari uliong'olewa. Pembeni, pale ukuta wa nyumba unapotokea nje ya ua, chini ya ukingo wa paa, tope lilikuwa na alama za watu wawili waliokaa wakiegemea ukuta.

Kule Hai Jalaba nimeshawaambia watu kwamba nilifukuza kikosi kizima kwa sufuria. Wameamini, kasoro mwenye chaji. Hapa naandika vile ilivyokuwa: niliogopa mpaka jogoo wakawika, na sikutaka usiku uishe.

Begi nimelirudisha juu ya kabati. Simu imejaa. Nje kumeanza kuwa giza, na mvua bado inafikiria. Wakija leo watauliza mama yuko wapi, mbona haanzi. Na mimi nitakuwa hapa ndani, namsubiri aanze.